Yakobo Mzee na Magari ya Farao

Masomo: Mwanzo 45:25 hata 46:7, Mwanzo 47:27-31, 2 Samweli 19:31-39



Mtu asimamaye kando ya barabara kuu pale Same, mahali yapitapo magari yatokayo Arusha na Moshi kwenda Korogwe, Tanga na Dar es Salaam, huona mara kwa mara motokaa za namna ya peke yake zikipita kati ya mabasi na malori. Si basi, wala si lori, ijapokuwa nyingine ni kubwa kama lori. Ubavuni zina madirisha yenye mapazia. Juu yake limefungwa hema la kukunjua. Ndani mna kitanda, na jiko, na meza, na tangi la maji. Namba zake ni za Ujerumani, au Uholanzi, au Afrika Kusini. Na wenyewe washukapo kununua ndizi, watu hustaajabu kuona kwamba si vijana, bali ni mume na mke wenye mvi, walioacha kazi kwa ajili ya umri. Wakiulizwa nyumba yao iko wapi, huonyesha motokaa yao.

Hapo watu wetu hucheka, na wengine husikitika. Swali la kwanza la mtu wa Upareni ni hili: Je! hawana watoto? Na la pili: Wakifa, watazikwa wapi? Maswali haya mawili si ya kipumbavu. Yote mawili yamo katika kitabu cha Mwanzo, tena yanahusu mzee aliyepandishwa garini. Kwa hiyo mwezi huu twataka kuyafuata, maana yatatufikisha mbali kuliko motokaa zile za wageni, hata ndani ya nyumba zetu wenyewe huko Usangi na Ugweno, na Gonja na Mbaga na Suji.

Lakini kwanza yatupasa kujua habari za watu hawa kabla ya kuwahukumu. Yuko Mjerumani mmoja ambaye habari zake zimeenea sana, Gunther Holtorf, aliyezaliwa mwaka 1937. Alikuwa mtu mkubwa katika kazi za ndege, akaiacha kazi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akaanza kusafiri kwa motokaa moja aina ya Mercedes, akianzia katika bara letu la Afrika. Alisafiri muda wa miaka 26, mpaka mwaka 2014, akapita katika nchi zaidi ya 170, mwendo wa karibu kilometa 900,000. Yeye na Christine, mwenzi wake, walilala ndani ya motokaa hiyo, wakapika nje yake, wala hawakuzitamani hoteli. Christine alifariki mwaka 2010 kwa ugonjwa wa saratani. Holtorf akaendelea na safari, picha ya mkewe ikining'inia mbele ya macho yake, hata akamaliza. Naye alifariki mwaka 2021. Motokaa ile imewekwa katika jumba la makumbusho huko Stuttgart, ikipumzika kuliko walivyopumzika wenyewe.

Katika nchi ya Marekani jambo hili ni la watu wengi mno. Wako wastaafu waliouza nyumba zao kwa hiari, wakanunua nyumba ya magurudumu, wakafuata jua: wakati wa baridi huenda kusini, wakati wa joto hurudi kaskazini. Lakini wako na wengine ambao hawakuchagua. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu mwaka 2017 juu ya wazee hao, na mwaka 2020 ikatengenezwa sinema iliyotokana na kitabu hicho. Ni wazee ambao anguko la fedha la mwaka 2008 liliwanyang'anya nyumba au akiba, na kodi ya pango ikawashinda, nao wakahamia ndani ya magari. Huzunguka kwa majira wakitafuta vibarua: kuvuna, kusafisha kambi za watalii, kupanga mizigo katika maghala makubwa. Mtu mwenye miaka 70 hufanya kazi ya kijana, kisha hulala katika gari lake kwenye uwanja wa kuegesha. Atazamaye kwa mbali huona magari ya namna moja na wazee wa namna moja. Walakini mmoja amekwenda kwa furaha, na mwingine amesukumwa.

Tena yatupasa kutaja jambo moja zaidi, maana ni la hekima. Mwaka 1978 mume na mke, Joe na Kay Peterson, walianzisha chama cha wasafiri wa namna hii, na makao yake yako katika mji wa Livingston, katika Texas. Chama hicho huwapokelea wanachama barua zao, kwa kuwa mtu asiye na nyumba hana mahali pa kuletewa barua. Hata baadaye, wasafiri wale walipokuwa wakizeeka zaidi, wakajenga huko Livingston mahali ambapo mtu aliyeugua au kuchoka huliegesha gari lake, akaendelea kulala ndani yake kama alivyozoea, lakini akapata chakula kilichopikwa na watu wa kumwangalia. Basi hata wale waliopenda barabara kuliko kitu kingine waliona kwamba siku itafika ambayo mkono hauwezi tena kushika usukani, nao wakajitengenezea mahali kabla siku hiyo haijafika. Je! Sisi tuliokaa mahali pamoja tumefanya hivyo?

Sasa tumgeukie Yakobo. Alikuwa na miaka 130. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa mahema: alikimbia kutoka kwa baba yake, akakaa miaka 20 kwa mjomba wake Labani, akarudi, akahama tena na tena pamoja na makundi yake. Hatimaye alikuwa amekaa Kanaani akidhani kwamba safari zimekwisha. Ndipo wana wake wakarudi kutoka Misri, wakamwambia kwamba Yusufu yu hai, naye ndiye mtawala wa nchi yote. Maandiko yasema moyo wake ukazimia, asiamini. Wakamwambia maneno yote ya Yusufu, bado. Lakini alipoyaona magari ambayo Yusufu amemletea kwa amri ya Farao, ndipo roho yake ikafufuka. Neno hili twalipenda. Mzee hakuamini maneno ya watoto; aliamini alipoona wameandaa jinsi ya kumchukua. Wazee wengi wa kwetu wako hivyo. Husikia katika simu kila juma kwamba wanakumbukwa, na maneno hayo ni mazuri; lakini bado wanatazama njia.

Basi Yakobo akapanda gari. Lakini angalieni, hakwenda moja kwa moja. Alipofika Beer-sheba, mahali baba yake Isaka alipojenga madhabahu, alisimama akatoa dhabihu. Na usiku Mungu akasema naye, akamwondolea hofu ya kushuka Misri, akamwahidi kwamba atashuka pamoja naye. Kwa nini aliambiwa asiogope? Kwa sababu aliogopa. Mzee anayetolewa nyumbani kwake huogopa, hata anapokwenda kwa mwana ampendaye. Huiogopa lugha ya wajukuu, na chakula, na choo, na usiku. Farao alimpa magari, naye Yusufu alimpa makao. Lakini hofu hakuna aliyeweza kuiondoa isipokuwa Mungu, tena katika kituo ambacho wana wake walikubali kusimama. Kama wangalikuwa na haraka kama dereva wa basi, Yakobo angalifika Gosheni na hofu yake.

Hapa twataka kusema habari ya wazee wetu wenyewe. Sisi Upareni hatuna motokaa zenye vitanda, lakini tuna wazee wanaoishi safarini. Mtumishi wa serikali kwa kawaida huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Akiisha kupewa kiinua mgongo chake, hupanda mlimani, huezeka upya, hupanda migomba na tangawizi, na watu husema, Mzee amerudi. Kisha mkewe akifa, au miguu ikianza kuuma, watoto hukutana na kupanga: miezi mitatu Dar es Salaam kwa mkubwa, miezi mitatu Arusha kwa binti, kisha Tanga, kisha kidogo nyumbani wakati wa Krismasi. Nyumba ya mlimani hufungwa, na ufunguo huachiwa jirani. Mzee huyu nyumba yake ni begi. Shuka moja, dawa zake, miwani, na Biblia. Ndivyo alivyo navyo kila aendako. Tofauti yake na wale wageni wa barabarani ni hii, kwamba wao hushika usukani wenyewe.

Hatusemi kwamba watoto hao wanatenda dhambi. La! Wengi wao hufanya hivi kwa kushika Amri ya Nne, wala si kazi nyepesi katika chumba kimoja cha kupanga huko mjini. Luther alipoeleza katika Katekisimu Ndogo, mwaka 1529, nini maana ya mkate wa kila siku, aliihesabu nyumba na shamba pamoja na chakula na mavazi. Watoto wanaogawana kumtunza mzee wanagawana naye mkate wa kila siku. Lakini twauliza swali moja tu: Je! Mzee aliulizwa?

Maana katika Biblia yuko mzee mwingine, Barzilai Mgileadi, naye alikuwa na miaka 80. Alikuwa tajiri, na Daudi alipomkimbia Absalomu, yeye alimletea chakula huko Mahanaimu. Vita vilipokwisha mfalme akataka kumlipa: avuke naye Yordani, akae Yerusalemu, atunzwe nyumbani mwa mfalme. Nani angekataa? Barzilai akakataa. Akaeleza kwa adabu kwamba hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kusikia sauti za waimbaji, na kwamba angekuwa mzigo kwa mfalme. Akaomba arudi akafe katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Naye mfalme hakukasirika, wala hakusema kwamba mzee ni mkaidi. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Na Barzilai hakuwa mchoyo wa safari: alimsindikiza mfalme ng'ambo ya Yordani kidogo, akampa Kimhamu aende badala yake.

Basi mbele yetu wako wazee wawili. Yakobo, mwenye miaka 130, alipanda gari akaenda. Barzilai, mwenye miaka 80, akabaki. Na Abrahamu babu yake Yakobo alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani asijue aendako. Biblia haimlaumu hata mmoja wao. Kwa hiyo mhubiri asimamaye madhabahuni na kusema kwamba mzee wa kweli hukaa kwake, hana Andiko. Na yule asemaye kwamba sisi sote ni wapitaji duniani na kwa hiyo shamba si kitu, yeye naye amelisoma Andiko nusu. Maana Abrahamu huyo huyo, aliyekaa hemani maisha yake yote, Sara alipofariki hakutaka kupewa kaburi bure. Alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi langoni, naye akaitoa fedha hiyo pasipo kushindana juu ya bei. Msafiri yule mkuu hakuwa na kiwanja hata kimoja, ila kaburi. Hapo ndipo lilipo lile swali la pili la watu wetu, nalo ni swali la Abrahamu.

Babu zetu wa Upareni walilijua jambo hili kwa namna yao, kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Shigatini mwaka 1900. Walikuwa na misitu mitakatifu ya koo, ambako mafuvu ya wazee waliotangulia yaliwekwa, nao walikwenda huko kuwaomba. Sisi tumebatizwa, hatuombi kwa wafu. Lakini hamu ile ya kuwa na mahali ambapo jina la mtu halipotei, hiyo haikuzimwa na ubatizo, wala haikupaswa kuzimwa. Yakobo naye alikuwa nayo. Siku zake zilipokaribia, alimwita Yusufu akamwapisha asimzike Misri, bali amchukue akalale pamoja na baba zake. Yusufu akaapa, na wana wakamchukua mpaka Makpela. Safari yake ya mwisho ilifuatwa na magari na wapanda farasi wa Misri. Na tusisahau hesabu hii, ambayo wengi huipita wasomapo: Yusufu alikuwa na miaka 17 wakati habari ya kuuzwa kwake ianzapo, na Yakobo aliishi Misri miaka 17. Baba alimlea mwana miaka 17, na mwana akamlisha baba miaka 17.

Sasa neno kwa wazee wenyewe. Wako wanaotaka kuuza shamba lote la mlimani mara wapewapo fedha za kustaafu, au mara baada ya matanga ya mwenzi, wakisema, Nitakula fedha zangu, nitatembea kwa watoto. Twawasihi wangoje. Fedha ya shamba huisha, tena huisha upesi kuliko mtu adhanivyo. Nao wale wazee wa Marekani tuliowataja walikuwa na akiba siku moja. Tena shamba la kwetu si udongo tu. Ajuaye Upareni ajua habari ya ndiva: maji hukusanyika usiku, hufunguliwa asubuhi, na kila mtu ana zamu yake kwa sababu alifika kwenye msaragambo kusafisha mfereji na kuziba nyufa. Mzee asiyeonekana miaka miwili mitatu hupoteza zamu, na akirudi huwa mgeni kwa maji ya baba yake. Mwenye kutaka kusafiri na asafiri, bali amweke mtu wa kushika jembe lake katika msaragambo. Barzilai alimtuma Kimhamu aende. Anayekwenda na atafute Kimhamu wa kubaki.

Wako na wengine ambao safari kwao ni kukimbia. Nyumba imejaa sauti ya marehemu, kiti chake kipo, na ndoo yake. Basi mzee hawezi kulala humo, naye hufunga mlango na kuondoka. Mtu wa namna hii tusimwambie, Kaa. Lakini pia tusimwache aende peke yake na kilio ambacho hajakilia. Mwinjilisti na aingie nyumba hiyo, aketi hapo jioni moja au mbili, wasome zaburi pamoja, hata mzee aweze kulitaja jina la mkewe pasipo kukimbia. Kisha akipenda kwenda, atakwenda kama mtu aliyetumwa.

Na kwa wazee wa kanisa tuna haja zifuatazo, nazo ni ndogo. Mzee wa begi hana usharika. Dar es Salaam hujulikana kama baba yake fulani. Arusha huketi kiti cha nyuma. Nyumbani jina lake husomwa katika orodha ya ahadi, na watu husema, Hayupo. Miezi kumi na miwili hupita hajaalikwa kwenye Chakula cha Bwana nyumbani anakougulia, kwa sababu kila usharika wadhani wa pili unamtunza. Basi aondokapo mwenye mvi, apewe barua ya kumtambulisha, hata kama anakwenda kwa miezi mitatu tu, tena barua hiyo itaje ugonjwa wake na namba ya simu ya mwinjilisti wake. Na huko aendako mtoto mwenyewe ampeleke kwa mchungaji katika juma la kwanza. Wasafiri wa Livingston walitafutiana mahali pa kupokelea barua. Sisi tulio na sharika katika kila mji hatuna udhuru.

Watoto nao, kabla ya kukata tiketi ya baba au mama, na waulize mambo haya kwa kinywa, wala wasiyakisie: Wataka kwenda, au wataka kubaki? Ukienda, wataka kusimama wapi njiani? Kwa maana yuko mzee ambaye hawezi kupita Same bila kumwona dada yake aliye mgonjwa, na mwingine anataka kwanza kupanda makaburini Chome au Mamba. Mfanyieni Beer-sheba yake, hata ikiwapotezea siku moja ya kazi. Na la tatu, ambalo watoto huliogopa kuliko wazee: Wataka kuzikwa wapi? Yakobo hakuona aibu kulisema, naye Yusufu hakumzuia kwa kusema, Baba, usiseme hivyo. Likiisha kusemwa na liandikwe, na liwekwe mahali ambapo wote wanajua, ili siku hiyo ndugu wasigombane juu ya jeneza, kati ya jirani wa mjini na ukoo wa mlimani.

Mwezi wa Desemba u karibu kwa wale waliokwisha kupanga safari, na mabasi yatajaa kama kawaida, na nyumba nyingi za mlimani zitafunguliwa kwa siku kumi. Twawaomba wazee wa mitaa wapite katika nyumba hizo wakati zingali wazi, waandike majina ya wazee waliorudi na mahali watakapokuwa kuanzia Januari, tena waulize ufunguo unabaki na nani.